Tusimalize kesi za mashamba kwa vidonge vya usingizi

WAKATI tunarudi nchini mwaka 2009, lori lililobeba mizigo yetu kutoka Mishamo lilikuwa na magunia ya mahindi, mabati, baiskeli mbili na mlango wa mbao ambao marehemu baba alikataa katakata kuuacha. Katika mizigo yote hiyo hapakuwa na kidonge hata kimoja cha usingizi. Tulikuwa maskini, tulikuwa na wasiwasi, lakini usiku tulikuwa tunalala.

Leo hii nikitembelea nyumba za wale niliorudi nao, navikuta. Viko ndani ya kopo la majani ya chai, viko chini ya mto, viko kwenye pindo la kitenge pale akina mama wanapofunga fedha. Ni diazepamu, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Valium. Wengine wana vya aina nyingine, lakini kazi ni ile ile: kumlaza mtu ambaye usingizi umemkimbia.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si daktari. Ninayo sababu moja tu ya kuthubutu kuandika juu ya jambo hili. Vidonge hivi nilikuwa navileta mwenyewe. Nilikuwa navitia mfukoni mwa koti ng'ambo ya Manyovu, navuka navyo mpaka hadi Mugina, nampelekea mama yangu mzazi. Nilifanya hivyo kwa miaka saba nikidhani natimiza wajibu wa mtoto kwa mzazi wake. Kumbe nilikuwa namchimbia shimo.

Nieleze tangu mwanzo, maana najua kisa hiki si changu peke yangu.

Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa uhamishoni, nikasoma huko huko Tanzania, kuanzia darasa la kwanza mpaka ualimu. Serikali ya Tanzania ilipotupa sisi watu wa 1972 nafasi ya kuchagua, wengi waliomba uraia wa huko, na zaidi ya 50,000 tukaamua kurudi. Baba alisema anataka kuzikwa kwao. Tukapakia, tukaja.

Tulipofika huku Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, tulikuta shamba la babu lina watu. Naomba nieleweke: watu wale hawakuwa wezi. Walipewa ardhi ile wakati sisi hatupo, wakajenga, wakapanda michikichi, wakazaa, wakazika humo. Sisi nasi tulikuwa na haki yetu. Hapo ndipo kesi ilipoanza. Wengi wenu mnaijua njia hiyo: kikao cha wazee, kikao cha kilima, komuni, kisha ile Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoundwa mwaka 2006. Kila kikao na nauli yake, na kila nauli na usiku wake wa kukesha.

Baba alifariki mwaka 2013 kabla kesi haijaisha. Mama akabaki na kesi mkononi na kaburi jipya nyuma ya nyumba. Usingizi ukamwisha kabisa. Kila mlango ukigonga alidhani wamekuja kututoa.

Mwaka 2014 akaenda santeri. Nasema santeri kwa sababu ndivyo tunavyosema huku. Wenzetu wa ng'ambo wanasema zahanati. Foleni ilikuwa imefika nje, muuguzi alikuwa mmoja. Mama akamwambia: "Muganga, silali." Akaandikiwa vidonge vya siku kumi, kimoja kila usiku. Sina kinyongo na muuguzi yule. Alikuwa na watu zaidi ya hamsini wa kuwaona kabla jua halijazama, na kidonge ndicho kilichokuwa jibu fupi kuliko yote aliyokuwa nayo.

Vilipokwisha, mama akaniambia: "Mwanangu, vile vya muganga vilinifaa. Nitafutie vingine." Nikavipata katika duka moja la dawa ng'ambo. Sikuulizwa cheti. Sikuulizwa ni vya nani wala ni vya siku ngapi. Nililipa, nikafungiwa kwenye karatasi, nikaondoka.

Hivyo ndivyo siku kumi zilivyogeuka kuwa miaka saba.

Sasa tazameni jambo hili la ajabu. Kesi yetu iliisha mwaka 2016. Tuliafikiana na wale jamaa, tukagawana shamba nusu kwa nusu, tukapanda mpaka wa miti, na leo watoto wao ni wanafunzi wangu. Ile hofu iliyompeleka mama santeri ikawa imekwisha. Lakini vidonge havikwisha. Tena viliongezeka, kwa sababu kimoja kilikuwa hakimlazi tena, akawa anameza viwili. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, si muuguzi, si muuza dawa, si mimi mwanawe msomi: "Mama, ile sababu ya mwanzo bado ipo?"

Mwaka 2021 aliamka usiku kwenda haja. Miguu ilikuwa haina nguvu na kichwa kizito. Akaanguka mlangoni, nyonga ikavunjika.

Hospitalini daktari aliniuliza swali moja la kawaida: "Mama anatumia dawa gani nyumbani?" Nikajibu: "Hakuna." Nilijibu hivyo kwa sababu niliona aibu. Mwalimu mzima, nitasemaje kwamba namnunulia mama dawa bila cheti? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya tano mama alianza kutetemeka na kutoka jasho. Akawa anaongea na baba kana kwamba amesimama pale kitandani. Siku ya sita akapata degedege. Mtu mzima wa zaidi ya miaka sabini, macho yamegeuka, mwili unarukaruka. Mmoja akasema ni malaria imepanda kichwani. Shangazi akasema ni marehemu anamwita. Mimi nilijua moyoni kwamba kuna kitu sijakisema, ila sikujua kwamba kitu hicho kinaweza kufanya vile.

Aliyetuokoa ni muuguzi kijana wa zamu ya usiku. Alinivuta kando, akaniuliza taratibu: "Mwalimu, nyumbani mama humeza nini ili alale?" Hakuuliza kama anameza. Aliuliza humeza nini. Nikasema yote. Wakamrudishia dawa ile ile usiku ule ule, mitetemo ikatulia, na wakaanza kumshusha polepole.

Nilikaa na muuguzi yule nikajifunza niliyopaswa kuyajua mwaka 2014. Baadaye nimesoma zaidi, kwa sababu mwalimu akishindwa mtihani hana budi kurudi kwenye kitabu. Naomba niwagawieni.

Valium iliingia sokoni mwaka 1963. Ni ya jamii ya dawa zinazoitwa benzodiazepini, na ni dawa nzuri inapotumika mahali pake. Humtuliza mgonjwa mwenye degedege lisilokata, humsaidia mlevi anayeacha pombe baada ya miaka mingi, humwandaa mtu kwa upasuaji. Kwa usingizi, hufanya kazi kwa siku chache au majuma machache. Baada ya hapo ubongo huizoea. Kidonge kimoja kinakuwa hakitoshi, na ukikosa kabisa, usingizi unakimbia kuliko ulivyokuwa mwanzo. Hapo mtu husema: "Mnaona? Bila dawa silali." Mara nyingi kinachomnyima usingizi usiku huo ni mwili kuidai dawa uliyoizoea.

Haya hayakugunduliwa jana. Uingereza ilitoa mwongozo kwa madaktari wake mwaka 1988 kwamba dawa hizi zisizidi majuma mawili hadi manne. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa za namna hii unataka zitolewe kwa cheti. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 juu ya watu waliopatwa na misukosuko mikubwa, lilisema wazi kwamba mtu mzima asiyelala katika mwezi wa kwanza baada ya mkasa asipewe benzodiazepini, na kwamba mtu aliyefiwa, kama hana ugonjwa wa akili, asipewe dawa hizi kwa sababu ya msiba. Msikilizeni vizuri anayezungumziwa hapo. Aliyepatwa na mkasa. Aliyefiwa. Ni sisi hao.

Hatari zake ni hizi. Mzee huanguka, kwa sababu mwili wa mzee huchelewa kuitoa dawa. Baada ya siku moja au mbili nusu ya kidonge cha juzi bado imo mwilini, na cha jana kimeongezwa juu yake. Kumbukumbu hupungua, na watoto wanasema bibi amezeeka ghafla. Na ukichanganya na pombe, iwe urwarwa, iwe kanyanga au gongo, au ukichanganya na vidonge vikali vya maumivu kama tramado, pumzi inaweza kwenda ikipungua hadi kukatika.

Ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani, hapa nasema na ninyi moja kwa moja. Najua maisha yenu kwa sababu nimepanda nanyi magari yale. Mnalala nyumba za wageni na fedha ya watu kiunoni. Mnaamka saa tisa usiku kuwahi lori. Mama wa ndagala na mama wa mawese hawana usiku wala mchana. Wapo kati yenu wanaomeza kidonge saa nne usiku ili wapate walau saa chache, kisha saa kumi alfajiri wako juu ya pikipiki kwenye mteremko wenye ukungu. Dawa bado imo kichwani. Macho yako wazi lakini mkono unachelewa kukamata breki. Na kama fedha ndiyo inakukosesha usingizi, je, usingizi wa kutosikia mlango ukifunguliwa ndio unaoilinda?

Jambo la pili kwenu ni watoto. Nimeona kwa macho yangu mama akimpa mtoto mchanga dawa ya maji ya Phenergan ili asilie njiani. Dawa hii ni ya mzio na kichefuchefu, na hulaza. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2004 kwamba isitumike kabisa kwa mtoto chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumkata pumzi hadi kufa. Mtoto anayelia ndani ya basi ni usumbufu. Mtoto aliyenyamaza hivyo anaweza asiamke.

La tatu, acheni kuwa wachukuzi. "Nipitishie vile vidonge vya mama" ni ombi dogo, nami nililikubali kwa miaka saba. Ukiombwa, uliza: vya nini, tangu lini, muganga anajua? Asiyejua majibu hayo hahitaji mzigo, anahitaji kupelekwa santeri.

Wapo watakaosema: "Mwalimu, wewe una mshahara. Sisi tuna usiku mrefu na matatizo ya kweli. Kidonge kinatupa nafuu, unataka kutunyang'anya?" Ni hoja nzito na siidharau. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kulala. Usiku wa mtu mwenye kesi ya shamba una sababu, na sababu hiyo asubuhi ataikuta pale pale, ila yeye atakuwa na kichwa kizito cha kuikabili. Mimi nilimpa mama vidonge katika miaka ambayo alihitaji mtu wa kwenda naye komuni, mtu wa kumsomea barua za wito zilizoandikwa Kifaransa asichokijua, na mtu wa kukaa naye jioni. Kidonge kilikuwa rahisi zaidi kwangu kuliko kwake.

Tena si kila asiyelala ana mawazo. Yupo anayeamka mara nne kwenda haja ndogo, na kumbe ana sukari. Yupo mwenye maumivu ya mgongo. Yupo anayekoroma na kukatika pumzi. Yupo ambaye moyo umechoka, akilala chali anakosa hewa. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI huweza kumvuruga mtu usingizi, na pengine kubadili saa ya kumeza kunatosha, baada ya kuuliza pale unapozichukua. Na yupo mwenye huzuni iliyozidi kiasi, ambaye anahitaji matibabu hasa, kama yale yanayotolewa katika kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kule Bujumbura. Wote hawa ukiwapa kidonge cha kulala umefunika chungu bila kujua kinachoungua ndani.

Na wapo ambao hawaumwi kabisa. Muuguzi wa mama alimtaka ahesabu saa zake. Mama alikuwa anapanda kitandani saa mbili usiku, maana giza likiingia hakuna la kufanya, na anaamka saa nane. Alikuwa analalamika kwamba usiku kucha halali. Tukahesabu: saa sita. Kwa umri wake, na usingizi wa mchana juu yake, ule haukuwa ugonjwa. Alikuwa amelala mapema tu.

Sasa tufanye nini? Nina mapendekezo, na mengi hayahitaji wafadhili.

Kwanza, kwa wauguzi wetu. Kabla ya kuandika, ulizeni maswali machache: umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, mchana umelala, unakunywa nini jioni, nini kimetokea nyumbani? Mkiona lazima mtoe, toeni vya siku chache na andikeni kwenye bahasha tarehe ya kumaliza, kwa herufi kubwa. Mgonjwa aambiwe kwa mdomo: "Hivi vina mwisho, na mwisho wake ni siku hii."

Pili, kila santeri ifungue daftari lake, itafute wale wanaochukua dawa hizi kwa zaidi ya mwezi mmoja, iwaite mmoja mmoja. Hili limejaribiwa kwingine. Katika jimbo la Quebec, nchini Canada, watafiti waliwachukua wazee 303 waliokuwa wakitumia dawa hizi kwa muda mrefu. Kundi moja lilipelekewa kijitabu kinachoeleza madhara na jinsi ya kupunguza hatua kwa hatua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: baada ya miezi sita, watu 27 kati ya kila 100 waliopata kijitabu walikuwa wameacha kabisa, dhidi ya 5 kati ya 100 wa kundi jingine. Kijitabu tu! Huko Hispania, katika utafiti uliotoka mwaka huo huo, madaktari wa vituo vya kawaida walifanya mazungumzo yaliyopangwa na wagonjwa wao na kuwapa mpango wa kupunguza. Baada ya mwaka mmoja, watu 45 kati ya 100 walikuwa wameacha, dhidi ya 15 kati ya 100 walioachwa na huduma za kawaida. Hapakuwa na mashine wala sindano. Palikuwa na maelezo na mtu wa kufuatilia.

Sisi tuna wahudumu wa afya wa jamii kila kilima. Tuna redio, tuna makanisa na misikiti. Karatasi moja kwa Kirundi upande mmoja na Kiswahili upande wa pili inatosha. Asiyejua kusoma asomewe. Walimu tupo, tutumieni.

Tatu, na hapa nawasihi sana viongozi: msije mkasikia kelele hizi mkafunga bomba siku moja. Ukiyasaka maduka leo na kuvimwaga vidonge vyote, kesho utakuwa na akina mama wa degedege kila kijiji. Mtu aliyezoea kwa miezi au miaka hapaswi kukatishwa ghafla. Mama yangu alikuwa anameza vidonge viwili vya miligramu 5. Alishushwa hadi kimoja na nusu kwa majuma kadhaa, kisha kimoja, kisha nusu, kisha nusu kwa siku moja na kuruka siku inayofuata. Palipokuwa pagumu tulisimama hapo hapo, hatukurudi nyuma. Ilichukua miezi mitano. Huo ulikuwa mpango wake chini ya uangalizi. Wa kwako apange muganga anayekujua, kwa sababu dawa hazifanani na miili haifanani.

Nne, tujifunze upya kulala. Nchi zenye uwezo leo huanza na mafunzo ya usingizi kabla ya kidonge. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo wa namna hiyo mwaka 2016. Yaliyomo ni mambo ambayo bibi zetu wangeyaelewa. Amka saa ile ile kila siku, hata kama umelala vibaya. Usipande kitandani kabla usingizi haujaja. Ukikaa macho muda mrefu, toka kitandani, fanya kazi ndogo, urudi ukisinzia. Acha kulala mchana. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana. Pombe hukulaza mapema na kukuamsha usiku wa manane, usiidanganyie kuwa dawa. Majuma ya mwanzo ni magumu, kisha mwili hushika.

Tano, tuguse mzizi. Mashauri ya ardhi yanayokaa miaka bila hukumu ni jambo la afya. Kila faili linalolala ofisini linamkesha mtu mahali fulani. Kiongozi anayeahirisha kikao cha shamba kwa mara ya saba ajue kwamba kuna mjane atakayeongeza kidonge usiku huo.

Mama yuko hai. Anatembea kwa fimbo, na mguu mmoja umefupika kidogo. Siku hizi hulala saa nne, huamka saa kumi. Akiamka kabla ya hapo haogopi tena. Huketi sebuleni akachambua maharage au akasali rozari yake. Kila Alhamisi hukutana na wajane wenzake chini ya mwembe, wengine wa 1972, wengine waliokuwa hapa hapa muda wote, wakiwemo wa familia ile tuliyogawana nayo shamba. Juzi nilimuuliza kama bado anavikumbuka vidonge. Akasema: "Usingizi wa sasa ni mdogo, mwanangu, lakini asubuhi najua mimi ni nani."

Msamaha nimemwomba. Alicheka tu, akasema mtoto huleta anachotumwa. Lakini mimi sijacheka, na ndiyo maana nimeandika.

Basi ndugu yangu, kama nyumbani kwako kuna lile kopo la chai, usilitupe leo usiku na wala usimfokee mzazi wako. Lichukue kesho, mfuatane naye hadi santeri, mkaulize maswali matatu: vidonge hivi alipewa kwa sababu gani, sababu hiyo bado ipo, na tutavipunguza vipi? Na ukiulizwa hospitalini mgonjwa wako anatumia dawa gani, taja zote, hata ile ya kuonea aibu. Taja hiyo kwanza.

Usiku mwema.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule, aliyezaliwa na kusoma uhamishoni Tanzania.